Nasinzia kila nikisubiri swala wanywe maji

Washauri, habari za kazi na poleni na majukumu.

Mimi ni mpiga picha, naishi Tabata. Riziki yangu inatoka kwenye shughuli za watu: sendofu, harusi, kipaimara, na siku hizi hata vikao vya kamati wanataka picha. Ila picha ninazozitamani mwenyewe ni za wanyama. Mimi na wenzangu watatu huwa tunachangishana mafuta na kiingilio, tunapanda Noah ya mmoja wetu, tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa kuwa Ijumaa mara nyingi niko ukumbini mpaka saa tano usiku, tunaondoka Dar saa nane usiku ili kutukuche getini.

Ninayoitafuta ni picha moja: swala pala wamejipanga ukingoni mwa maji, vichwa chini, na taswira zao zinaonekana majini. Naona wenzangu wa fani wameipata. Mimi naegesha, tunazima gari, nakaa. Baada ya muda si mrefu macho yanakuwa mazito. Nikizinduka naambiwa walikuja, wakanywa, wakaondoka. Nisiposinzia, mkono unakwenda kwenye simu wenyewe, na nikija kuinua kichwa nimechelewa. Wenzangu nao ni nusu saa tu: "Twende bwana, hapa hakuna kitu, tukatafute simba." Ikifika mchana gari ni tanuri, nakula chipsi mayai tulizonunua njiani, hapo ndiyo nazima kabisa.

Jamaa mmoja kanishauri vinywaji vya kuongeza nguvu, makopo mawili asubuhi. Mwingine kaninong'oneza habari za mirungi. Na wapo wanaosema tatizo ni lenzi yangu ya milimita 70-300. Nikinunua ya 600 nitapiga nikiwa mbali na shida ya kusubiri itaisha.

Wale wanaokaa macho kwa muda wa saa nne wanafanyaje? Ni kipaji, au kuna namna?

Mpiga picha wa sendofu, Tabata

JIBU

Ndugu yetu wa Tabata,

Kipaji tukiweke kando. Anayekaa saa nne kando ya maji akiwa macho amelala usiku uliotangulia, na akiwa pale ana kazi ya kufanya kila dakika. Wewe unafika na usingizi wa saa moja, ukibahatika, halafu unayapa macho yako kazi ya kutazama maji matupu. Yeyote angesinzia.

Hebu hesabu usiku wako. Umetoka ukumbini saa tano, umefika nyumbani karibu saa sita, umepanga lenzi na kuchaji betri, saa nane uko barabarani. Kati ya saa nane usiku na alfajiri ndipo uchangamfu wa mwili wa binadamu unaposhuka chini kabisa, na saa hizo ndizo unazomaliza ndani ya gari linalonguruma kwa kilomita zinazokaribia 280. Hilo ni deni la usingizi, na kahawa hailipi deni hilo. Inalificha tu mpaka utulie mahali penye joto na kimya. Kando ya maji, ndani ya Noah, una vyote viwili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inafanyika kwenye kalenda yako. Wiki yenye sendofu ya Ijumaa, usiende porini Jumamosi alfajiri. Lala, ondokeni Jumamosi mchana, mlale gesti mji mdogo wa Mikumi, muingie hifadhini Jumapili asubuhi. Gharama ya vyumba mkigawana wanne si kubwa ukilinganisha na kiingilio mnachokipoteza ukiwa umelala. Mwenye gari akikataa kukaa siku mbili, ipo treni ya SGR hadi Morogoro, na kutoka hapo kuna kama kilomita 100 tu kwa gari la kukodi. Mwezi Julai jua la huko linachomoza saa kumi na mbili na nusu zimepita kidogo, hivyo ukiamka saa kumi na moja gesti, muda unakutosha hata wa chai.

Mirungi sahau kabisa. Kwa sheria za Tanzania ni dawa ya kulevya, na njia ya kwenda Mikumi ina vizuizi vya polisi. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo havina siri yoyote: kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, yaani karibu sawa na kikombe kimoja cha kahawa. Makopo makubwa yana zaidi, soma lebo. Ukinywa mawili kwa mkupuo, utapata mikono inayotetemeka kwenye milimita 300 na kibofu kinachokudai saa ambayo huruhusiwi kushuka garini. Kafeini huchukua dakika 20 hadi 30 kuanza kazi, na baada ya muda wa saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Tumia hesabu hiyo: nusu kikombe unapoegesha, nusu nyingine saa tatu asubuhi, na baada ya saa nane mchana usinywe tena. Chai ya rangi ina karibu nusu ya nguvu ya kahawa, kwa hiyo anayekunywa chai anaweza kuongeza kikombe.

Jambo la pili ni kwamba subira haina maana mahali ambapo hakuna kitakachokuja. Swala pala anakwenda majini kila siku pale tu majani yanapokauka. Wakati wa masika na wiki chache baadaye anapata maji mengi ndani ya majani mabichi, na kila dimbwi njiani ni kisima chake. Ukikaa kando ya bwawa mwezi Aprili unaweza kusubiri siku nzima bila ya mnyama kukudharau. Hana tu haja. Panga safari zako kati ya Julai na Oktoba, na kadiri kiangazi kinavyokolea ndivyo sehemu za maji zinavyopungua na wanyama wanavyojikusanya.

Kabla ya kuegesha, angalia tope la ukingoni. Nyayo za kwato zenye kingo kali, zilizo bado na unyevu ndani, zina maana walipita jana jioni au leo. Nyayo zilizopasuka na kujaa vumbi zina maana mahali hapo pameachwa. Angalia pia njia zao: swala hawaji majini kutoka kila upande, wana vijia vilivyokanyagwa. Lenzi yako ielekee mwisho wa kijia. Katikati ya bwawa hapana mnywaji isipokuwa kiboko.

Halafu jua na upepo. Asubuhi unataka jua liwe mgongoni mwako ili liwaangaze wanyama, kwa hiyo wengi huegesha mashariki mwa maji na kutazama magharibi. Miezi ya kusi hapo kuna mtego: upepo ule unatoka kusini-mashariki, na kutoka hapo ulipo unapeleka harufu yenu upande wa wanyama. Egesha kaskazini-mashariki ya maji, mtazame kusini-magharibi. Mwezi Julai jua linachomoza kaskazini kidogo ya mashariki, bado litakuwa nyuma yako, na upepo utakatiza mbele ya gari ukibeba harufu kuelekea kaskazini-magharibi. Bara upepo hubadilika kufuatana na vilima na joto, kwa hiyo mwaga poda kidogo ya mtoto dirishani uone inaelekea wapi. Barabara zikikunyima upande huo, chagua maji mengine, maana kutoka nje ya barabara ni kosa hifadhini. Na usiegeshe juu ya majani makavu marefu: mfumo wa moshi chini ya gari unakuwa wa moto wa kutosha kuyawasha.

Sasa tuje kwenye macho. Mwaka 1948 mtafiti wa Uingereza Norman Mackworth alichapisha jaribio lililotokana na tatizo la watazamaji wa rada wa vita. Aliwakalisha watu saa mbili mbele ya mshale uliokuwa ukiruka hatua kwa hatua kama wa saa ya ukutani, na kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe kila mara uliporuka hatua mbili badala ya moja. Kosa halikungoja wachoke. Ndani ya nusu saa ya kwanza tu walishaanza kuzikosa zile hatua. Unapojilaumu kwamba umedumu nusu saa, unajilaumu kwa kuwa binadamu. Wanaokaa saa nne hawatazami saa nne; wanatazama nusu nusu saa, na kila nusu wanaibadilisha umbo.

Fanya hivi. Ligawe eneo lililo mbele yako katika kanda tatu: ya karibu, kuanzia gari hadi ukingo wa maji; ya kati, ukingo wa pili na majani yake; na ya mbali, mstari wa miti. Chukua darubini, ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha na inatetemeka kidogo kuliko ya mara kumi. Anza na kanda ya mbali, maana huko ndiko wanakotokea. Pitisha darubini kutoka kulia kwenda kushoto. Macho yetu yamezoea kusoma kutoka kushoto, yakienda upande huo yanateleza na kuruka. Ukiyageuza yanalazimika kukagua. Usitelezeshe darubini moja kwa moja. Simama, tazama sekunde tano, sogea kidogo, simama tena. Usitafute swala mzima, utamkosa. Tafuta mstari mlalo mahali penye mashina yaliyosimama, maana huo ni mgongo. Tafuta sikio linalopigapiga nzi, au mistari myeusi ya makalioni inayochezacheza pamoja na mkia.

Duru moja ya kanda tatu ikuchukue dakika nane hadi kumi. Kisha weka darubini chini na utazame kwa macho matupu kwa dakika tano, ukilegeza macho, bila kukazia kitu. Macho yakiwa hivi yanakamata mwendo kuliko umbo. Kisha andika. Daftari dogo na penseli ndivyo vifaa ambavyo watu wengi wanavidharau, na ndivyo vinavyomzuia mtu asilale. Kila robo saa andika saa, upepo unakotoka, mnyama uliyemwona hata kama ni ngiri mmoja, ametokea wapi, ameelekea wapi, amekaa majini muda gani. Mkono unaoandika hauendi kwenye simu, na baada ya safari chache daftari hilo litakuambia saa za maji yale kuliko mtu yeyote. Simu iwe imezimwa mtandao, ndani ya begi la nyuma. Kama ndiyo saa yako, iweke mfukoni, iache itetemeke tu kila dakika ishirini.

Masikio nayo yapewe kazi. Swala wote wakinyanyua vichwa na masikio yakaelekea upande mmoja, usitazame swala, tazama wanakotazama. Mlio wao wa hatari ni wa kukoroma kwa kishindo kifupi puani, na ukiusikia hakuna atakayekunywa kwa muda. Nyani wakibweka juu ya miti, hali kadhalika. Tumbili wana ustadi zaidi: utafiti uliofanywa Amboseli, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1980, ulionyesha kuwa wana mlio wao wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Kanga wakipiga kelele na kukimbia bila kuruka, nao wameona kitu cha ardhini. Hao wenzako wanaodai simba waambie kwamba mara nyingi simba huonyeshwa na wengine kabla hujamwona mwenyewe, na anayesikia tangazo hilo ni aliyezima injini.

Mwili. Kiti kikiwa kimelazwa nyuma umejitandikia kitanda. Kinyanyue kiwe wima, weka khanga iliyokunjwa mgongoni kwenye kiuno, miguu yote miwili sakafuni. Kila dakika ishirini, simu inapotetemeka, bonyeza vidole vya miguu chini na kuachia mara ishirini, kaza mapaja ukihesabu kumi, sukumanisha viganja mbele ya kifua. Gari halitikisiki na damu inatembea. Madirisha yasifungwe yote. Watu wanne ndani ya gari lililofungwa wanajaza hewa waliyoitoa wenyewe, na hewa hiyo inaleta uzito wa kichwa. Fungua upenyo pande zote mbili ili hewa ipite. Upande wa jua ziba kwa khanga, ukiubana mlangoni ule upindo usipeperuke, na kioo cha mbele kwa boksi. Injini usiiwashe kwa ajili ya kiyoyozi: inatikisa lenzi na inawafukuza unaowangoja.

Khanga ya bluu au nyeusi iache nyumbani, na fulana ya rangi hizo pia. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo mbili na pia na gari linalotembea, hivyo mkipita kwenye msitu wa miombo pandisheni vioo, mkifika kwenye mbuga ya wazi ya Mkata mtafungua. Kaki, kijivu au rangi ya majani makavu inafaa. Nyekundu kwa swala si tatizo kama watu wanavyodhani, wao hawaioni kama sisi; kinachowashtua ni mwendo, na umbo la mtu linapochomoza nje ya umbo la gari. Gari wamelizoea. Kiwiliwili kilichotoka dirishani hawajakizoea.

Kuhusu chakula, chipsi mayai saa sita mchana ni dawa ya usingizi, tena inakukuta saa ambazo mwili wenyewe unashuka, kuanzia saa saba hadi saa kumi. Kula kidogo mara nyingi: korosho au karanga ngumi moja, yai la kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu. Vyote vitoe kwenye mifuko yake usiku na uviweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, kwa sababu mfuko wa karanga ukifunguliwa kwenye kimya kile unasikika mpaka ng'ambo. Ndizi ni chakula kizuri lakini nyani wa huko wanaijua, na wakiiona mkononi mwako hawatangoja uifungue.

Maji watu huyakwepa kwa kuogopa haja, kisha wanapata kichwa kuuma na usingizi mzito kuliko ule wa kwanza. Kunywa kidogo kidogo, kama glasi moja kila saa, na nenda chooni getini hata kama huhisi haja. Kwa dharura beba chupa yenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza. Kina dada wabebe kopo pana lenye mfuniko na khanga ya kujistiri. Kushuka na kwenda nyuma ya kichaka hairuhusiwi, na kichaka kilicho karibu na maji mara nyingi kina mwenyewe.

Wenzako hawahitaji kushawishiwa, wanahitaji mapatano kabla ya safari, siyo mabishano mbele ya bwawa. Kubalianeni mkiwa bado Dar: kuanzia getini hadi saa nne na nusu asubuhi gari linakaa, baada ya hapo mpaka jioni gari ni lao, wazunguke watafute simba. Na katika saa za kukaa kila mtu awe na zamu. Wawili wanatazama, mmoja kila upande, kwa nusu saa. Wa tatu anaandika. Wa nne anapumzika kikweli, macho kafumba. Kila nusu saa mnasogea nafasi moja. Kunong'ona kwa "s" nyingi kunasafiri mbali kuliko sauti ya chini ya kawaida, kwa hiyo zungumzeni chini, msinong'one. Mkifikia uamuzi wa kuondoka kabla ya muda, ongezeni dakika kumi na tano kwa lazima, mkitazama kanda ya mbali tu. Kinachokatisha tamaa huwa ni kanda ya karibu, ambayo ni tupu mpaka dakika ya mwisho.

Saa za katikati ya mchana mwanga ni mkali, na tangu saa tatu au saa nne ardhi inaanza kutoa mvuke wa joto unaofanya picha za mbali zionekane kama zimepigwa nyuma ya maji yanayochemka. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Huo ndio muda wa kulala kwa mpango: kunywa nusu kikombe cha kahawa, weka mtetemo wa dakika ishirini, fumba macho. Ukiamka kafeini nayo imefika. Ukipitiliza nusu saa utaamka mzito kuliko ulivyolala, ndiyo maana tunasisitiza mtetemo. Mkiwa mmelala wote, vioo viwe na upenyo wa vidole viwili, si zaidi, tumeshawataja nyani.

Halafu wanakuja. Hapa ndipo wengi waliosubiri vizuri wanapoharibu. Kundi la swala pala halitembei moja kwa moja hadi majini. Linasimama mbali kidogo, wa mbele wanatazama, wanapiga hatua tatu, wanarudi mbili. Inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, na ni dakika ambazo mkono unawasha. Kila kitu kiwe tayari kabla: lenzi imelala juu ya mfuko wa maharage dirishani tangu mwanzo, imeelekea mwisho wa kijia, fokasi umeshaiweka ukingoni mwa maji. Mfuko huo shona wa turubai, sentimita 25 kwa 35, weka kilo mbili za maharage au mchele, usijaze mpaka ukakaza, uache nafasi lenzi izame. Kasi ya shata 1/1000 ya sekunde kwa wanaokunywa. Kwa kuwa wakishtuka wanaruka hadi mita tatu juu na kama kumi mbele, weka kitufe cha kukupeleka 1/2000 haraka. Kamera ikiwa na shata ya kimya, itumie. Isipokuwa nayo, usipige wa kwanza anapoinamisha kichwa. Mwache anywe. Wa nyuma wakimwona salama watasogea na kujipanga, na hapo ndipo mstari unaoutaka unapopatikana. Vichwa vyote vikiwa chini kwa pamoja ni sekunde chache tu, kwa hiyo jicho lisitoke kwenye kamera kutazama picha uliyokwisha kuipiga.

Lenzi ya 600 usinunue kwa sababu hii. Kwa kamera yenye kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), milimita 300 ukiwa mita 50 kutoka majini inakupa upana wa karibu mita nne: swala watatu wa ubavu, wakibanana wanne. Mita 60 unapata karibu mita nne na nusu. Picha yako ni ya mstari wa wanyama na taswira zao, inataka upana. Ya 600 mahali hapo ingekupa swala mmoja na nusu. Ungelazimika kwenda mita 100 na zaidi, kwenye ule mvuke wa joto. Na bado ungesubiri.

Kabla ya safari ijayo fanya mazoezi hapahapa mjini. Nenda Kunduchi maji yakiwa yanakupwa, kaa dakika arobaini na darubini, pitia ndege wa ufukweni kanda kwa kanda na daftari mkononi. Kunguru wa Dar wanafaa pia kwa mazoezi ya kuganda: wana macho makali, wanaondoka ukigeuza bega, na hawana kiingilio.

La mwisho ni njia ya kurudi. Aliyekaa macho tangu alfajiri, kwenye joto, anaposhika usukani jioni kati ya malori ya Barabara ya Morogoro ana hatari kubwa kuliko ile ya kukosa picha. Kupiga miayo mfululizo, kutokumbuka kilomita mbili zilizopita, kichwa kudondoka hata mara moja: yoyote kati ya hayo ikitokea, mnaegesha Morogoro au Chalinze, mnalala dakika ishirini, mnabadilishana dereva. Muziki na kufungua dirisha havisaidii zaidi ya dakika chache. Panga zamu za mchana ukijua hilo, ili atakayeendesha awe ndiye aliyelala mara mbili, na funguo apewe yeye, hata kama gari si lake.